Kumlisha Chopa wa Kathonzweni

Wenzangu wa mifugo, nyinyi mliobaki na mabuti na mikebe ya chanjo,

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani, kana kwamba miaka yote hii nilikuwa mtu wa kuhisi baridi na kuchelewa kazini. Nashukuru kwa vyote viwili. Hotuba zilikuwa nzuri, vyeo vyangu vikatajwa kimoja kimoja, lakini nilikaa pale nikingoja mtu ataje mnyama, na hakuna aliyetaja. Kwa hiyo nimeamua kuwaandikia mwenyewe. Nitaanzia Kitui, lakini ninakoelekea ni kwa mbwa mmoja wa Kathonzweni ambaye hadi leo nikimkumbuka nashtuka upya.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kitui. Siku ya kwanza nilitumwa kwa mzee ambaye ng'ombe wake alikuwa ameshindwa kuzaa tangu asubuhi. Nilifika na buti mpya zilizonibana vidole, nikamsalimu. Mzee akaitika, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Daktari amebaki wapi?"

"Ni mimi, mzee."

Akachungulia tena, labda nilikuwa nimemficha daktari kwenye kichaka. Nilivua sweta, nikapaka mkono sabuni hadi begani, nikaingia kazini. Ndama alitoka mzima, akapiga chafya. Mzee alimtazama ndama, akanitazama mimi, halafu akaniuliza kama nimeolewa, maana ana kijana. Nilipigwa na butwaa! Nilikuwa nimejaa damu na kinyesi, na huyo ananitafutia mume. Kwa cheti, mimi si daktari hata kidogo, nina stashahada tu. Lakini Ukambani mtu yeyote anayekuja na sindano na hasira huitwa daktari, na mimi nilikuja na vyote.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mzee Mwanzia, afisa aliyekuwa Kitui kabla yangu. Alinionyesha kwamba kipimajoto lazima kifungwe uzi na uzi ubanwe kwenye nywele za mkia, kwa sababu ng'ombe akikurupuka na kipimajoto ndani utakifuata mpaka mtoni. Alinionyesha jinsi ya kumpima mbuzi kwa gunia lililokatwa mashimo manne ya miguu na kuning'inizwa kwenye mizani ya ndoano. Nilinunua mizani yangu mwezi uo huo, na ndiyo niliyostaafu nayo. Na alinipa swali moja ambalo nimelitumia kila siku.

"Usiulize mtu kama mnyama wake anakula," aliniambia. "Atasema anakula. Nani atakubali kwamba ananyima? Muulize jana alikula nini, na ni nani alimpa kwa mkono wake."

Swali hilo limeniokoa mara nyingi mno. Mbwa, lakini, hawakuwa kazi yetu hasa. Kwa mbwa tulifunzwa kuwachanja dhidi ya kichaa na kuondoa mikono haraka. Mbwa wa huku hula mabaki ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na chochote anachojitafutia, na hakuna anayemwita daktari kwa sababu mbwa amekonda.

Kutoka Kitui nilihamishiwa Makueni. Nilianza Nunguni, kwenye baridi na ng'ombe wa maziwa, ambako wenye mifugo walinijua kwa sauti ya pikipiki kabla sijaonekana kwenye ukungu. Kisha nikateremshwa Kathonzweni, kwenye joto na mbuzi, na huko ndiko nilikomalizia.

Mama Mwende alinipigia simu mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilimfahamu kidogo kwa sababu ya ng'ombe wake. Mumewe, Baba Mwende, alikuwa dereva wa lori la mifugo kutoka upande wa Garissa. Mfanyabiashara mmoja wa huko aliyempenda kwa uaminifu wake alimpa mtoto wa mbwa wa jamii ya saluki, wale mbwa warefu wa kuwinda, wanaotegemea macho na miguu badala ya pua. Baba Mwende akamleta nyumbani ndani ya kabini ya lori, akamwita Chopa, yaani helikopta, kwa sababu ya kasi yake. Hakukaa naye hata mwezi. Alianguka akiwa anabadilisha gurudumu huko Makindu, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi na ulimi ukakataa kusema. Alilazwa Nairobi. Binti yao Mwende, anayefanya kazi huko huko, ndiye aliyekuwa akimwangalia hospitalini.

"Daktari, hii mbwa ya mzee inaisha," Mama Mwende aliniambia kwenye simu. "Akipona arudi akute imekufa, nitamwambia nini?"

Nilienda siku ya Jumatatu. Jamani, nimeona wanyama wa kiangazi, nimeona ng'ombe wa kuinuliwa kwa kamba, lakini mbwa yule alinishtua. Miguu ilikuwa mirefu kuliko ya mbuzi wa jirani, na juu ya miguu hiyo hapakuwa na kitu. Sasa sikieni vizuri, maana hili mtalihitaji: mbwa wa aina hii ni mwembamba kwa kuzaliwa. Ukiona mbavu mbili tatu za mwisho, usipige kelele, ndivyo alivyo. Usimpime kwa macho, mpime kwa kiganja. Pitisha mkono mgongoni. Kama unaweza kuhesabu pingili moja moja, kama mifupa ya nyonga imesimama na paja halina nyama ya kushika, huo si wembamba wa ukoo. Hiyo ni njaa. Chopa nilimhesabu pingili zote mpaka mkiani.

Nikamtia kwenye gunia langu, Mama Mwende akamshika kichwa, nikasoma mizani na kuguna. Kisha nikauliza swali la Mzee Mwanzia.

"Jana alikula nini, na ni nani alimpa?"

"Ni mimi. Jana ilikuwa Sunday, nilimpikia matumbo na ugali. Alimaliza yote."

"Mbwa mnamfunga?" Niliuliza kwa sababu mbwa wa mbio akifungwa kamba siku nzima misuli haikui, na miguu inaweza kuharibika.

"Ee, tunamfunga. Lakini si kila siku. Ni Wednesday na Friday peke yake."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni, jua ikizama."

"Hiyo haina shida," nikasema. "Ila maji asikose."

Alinitazama kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kwani maji inakubaliwa?"

"Maji ni lazima, mama!"

Swali hilo lilinishangaza kidogo, nikadhani ni uchovu wa mtu mwenye mgonjwa.

Nilimpa Chopa dawa ya minyoo, kisha nikapanga chakula. Mnyama aliyekonda hivi hashindiliwi. Ukimjazia sahani leo, kesho ataharisha hata hicho kidogo alichonacho. Apewe kidogo kidogo, mara nne kwa siku: nyama ya mabaki iliyochemshwa, yai la kuchemsha, wali laini au ugali kidogo, boga, na kijiko cha dagaa wa omena waliosagwa. Katika kila mlo achanganyiwe chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, ambacho duka la agroveti la mjini Wote lilikubali kuagiza kutoka Nairobi. Mama Mwende alisikiliza kwa makini, halafu akaingia ndani akatoka na mkebe wa chumvi ya madini ya ng'ombe.

"Nilikuwa nimeanza kumwekea hii, mifupa ipate nguvu."

Nusura nimnyang'anye! Kwa kweli nilimnyang'anya. Hili nalo mlishike: mtoto wa mbwa mkubwa hatakiwi kuharakishwa. Mifupa yake ina safari ndefu, na ukimrundikia chokaa na madini, au ukimnenepesha upesi, miguu inapinda na haitanyooka tena. Tunataka aongezeke polepole, kila wiki kidogo.

Lakini hakuongezeka. Nilikuwa nikipita kila Jumatatu nikielekea sokoni, na kila Jumatatu Mama Mwende alimshika kichwa nami nikasoma mizani, na mshale ulikuwa umekaa pale pale. Nikiuliza jana alikula nini, jibu lilikuwa zuri, nyama na yai, na sahani ilikuwa hapo imelambwa ikang'aa. Nilirudia dawa ya minyoo. Nilipeleka kinyesi kikachunguzwa. Nilisikiliza moyo wake mpaka masikio yakauma. Nilianza kumshuku jirani kwamba anaiba chakula, kisha nikaona aibu, kwa sababu jirani mwenyewe ni shemasi. Na mbwa alizidi kurefuka, jambo baya sana, kwa maana urefu wote ule ulikuwa unatoka kwenye akiba ambayo hakuwa nayo.

Jumatano moja nilikuwa nikirudi kutoka kuchanja upande wa Makindu, nikaamua kupitia kwa Mama Mwende bila kumwarifu. Boma lilikuwa kimya. Jikoni hakukuwa na moshi. Mama Mwende alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amejifunga leso juu ya sweta kubwa, midomo imemkauka. Mbele yake sufuria zote zilikuwa zimefunikwa kifudifudi, na kando yao, kifudifudi vile vile, sahani ya Chopa. Kilichokuwa wazi ni karai la maji peke yake.

"Karibu, daktari. Leo sina hata chai ya kukupea. Tuko kwa mfungo."

"Pole, mama. Mfungo wa mzee?"

"Wa mzee. Wednesday na Friday. Mchungaji alituhubiria juu ya mji mmoja wa zamani ulikuwa uangamizwe. Watu wakafunga, na ng'ombe wakafunga, na mbuzi, wote, na Mungu akahurumia. Nikasema hata mimi nitafanya hivyo. Kwa hii boma tumebaki wawili, mimi na Chopa."

Nilitazama sahani iliyofunikwa. Nilitazama karai la maji.

"Mama Mwende. Unaniambia mbwa amefunga kula?"

"Si nilikuambia?" Sasa aliyeshtuka alikuwa yeye. "Siku ya kwanza uliniuliza kama tunamfunga. Nikakuambia Wednesday na Friday mpaka jioni. Ukasema haina shida! Hata maji ni wewe uliruhusu. Mimi hata maji sinywi, lakini yeye nampa kwa sababu daktari alisema."

Wenzangu, niliketi chini, kwenye vumbi, na sare yangu ya kazi. Mwalimu wa Pwani angesema "tunamfungisha", nami ningeruka siku ile ile ya kwanza. Lakini sisi ambao Kiswahili tumekijengea juu ya Kikamba, neno moja linatutosha kwa kazi zote. Mimi nilikuwa nazungumzia kamba. Yeye alikuwa anazungumzia Mungu. Tulielewana vizuri kabisa, na mbwa akawa anakufa katikati yetu. Na lile swali langu la Kitui nilikuwa naliuliza kila Jumatatu, kwa hiyo jana ilikuwa kila mara Jumapili, siku ya nyama.

"Kuku je?" nikauliza, sijui kwa nini.

"Kuku nilijaribu, wakanishinda."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe ananyonyesha. Mchungaji alisema wanaonyonyesha hawafungi."

Kabla sijajibu, Chopa, aliyekuwa amelala kivulini, alijaribu kusimama anisalimu. Miguu ya nyuma ilimkataa. Akaanguka ubavu, akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka juu. Mtoto aliyekonda hivyo akikaa siku nzima bila chakula, sukari ya mwili humwishia ghafla. Nilipiga kelele niletewe asali. Kathonzweni hukosi asali ndani ya nyumba, na Mama Mwende aliikimbilia, lakini aliponirudia na chupa aliikumbatia kifuani.

"Daktari, ngoja. Jua haijazama."

"Lete asali!"

"Nikimlisha leo na mzee afe kesho, utanijibu nini?"

Nawaambia ukweli, hakuna kitabu chuoni kilichonifundisha jibu la swali lile. Alikuwa analia, na hakuwa analia kwa ujinga. Miezi yote hiyo alikuwa hana lolote la kumfanyia mumewe isipokuwa hilo la kukaa na njaa, na mimi nilikuwa nimekuja kumnyang'anya hata hilo.

Nilifungua mdomo wa Chopa ili ulimi usizibe koo, na hapo ndipo nilipoona meno.

"Mama Mwende, mtoto mdogo anafunga?"

"Watoto hawafungi."

"Njoo utazame hapa. Unaona jino hili jembamba kama sindano? Na hili nene linalosukuma kando yake? Hili jembamba ni la maziwa. Hata hajang'oa. Huyu ni mtoto, hana hata miezi sita."

"Mtoto mrefu hivi?"

"Ndivyo walivyo. Urefu unatangulia, utoto unabaki ndani. Chopa ni mtoto mchanga mwenye miguu ya mtu mzima."

Aliinama akachungulia mdomoni. Kisha akasema "Ngai!" akimwita Mungu kwa sauti ndogo, akanipa chupa. Nilimpaka Chopa asali kwenye ufizi kwa kidole, nikapaka tena, nikasugua. Kutetemeka kukapungua, macho yakarudi mahali pake, ulimi ukaanza kutafuta kidole changu. Mama Mwende mwenyewe ndiye aliyeigeuza ile sahani ikatazama juu. Tulimchemshia yai, tukampa nusu, na nusu nyingine baadaye. Nilipoondoka Chopa alikuwa amelala miguuni pake, tumbo linapanda na kushuka.

Kuanzia hapo mshale wa mizani ulisogea. Jumatatu baada ya Jumatatu, Mama Mwende akimshika kichwa nami nikisoma kwa sauti ya kujisifu, Chopa alijaza paja, manyoya yakapata mafuta, pingili zikazama chini ya nyama. Mbavu za mwisho zilibaki zikionekana, na niliwakemea wote waliosema bado amekonda. Nilimpunguzia milo kutoka minne hadi mitatu. Alianza kukimbia, na mara ya kwanza kumwona akikata shamba lile nilisahau kwamba nina mgonjwa mwingine wa kuona. Nilijiambia kwamba hii ndiyo kazi ninayotaka kustaafu nayo.

Wiki chache kabla ya sherehe yenu nilipigiwa simu, Mama Mwende anacheka na kulia kwa pamoja. "Daktari, mzee amerudi! Kuja umwonyeshe mbwa yake!"

Niliacha kila kitu. Baba Mwende alikuwa amekaa nje kwenye kiti, fimbo kando, mkono mmoja umelala pajani. Maneno yalikuwa yamerudi, lakini yalitoka moja moja na kwa shida. Chopa alikuwa ameweka kichwa chote kwenye goti lake. Mimi, kwa furaha, nilimwaga hadithi nzima: omena, mayai, ile chumvi ya ng'ombe, jino la maziwa, kamba na mfungo. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akampapasa Chopa mgongoni kwa mkono wake mzima, pingili kwa pingili, kama aliyefundishwa na mimi.

Mama Mwende akaja na kikombe cha chai ya mgeni, akaninyooshea. Ile sweta kubwa ilikuwa ya mumewe. Nilikuwa nimeizoea, nikidhani anaivaa kwa kumkumbuka. Baba Mwende alimshika kiwiko alipopita, na mkono wa sweta ukapanda.

Chai ilinimwagikia. Ule haukuwa mkono wa mtu. Ulikuwa mfupa na ngozi, na kifundo kimesimama peke yake.

"Kalondu," akasema mumewe, akimwita jina lake. "Mbwa... amenona. Wewe... alikuwa anakulisha nani?"

Mama Mwende alivuta sweta ikashuka. Alijaribu kucheka. "Niliahidi Mungu hii boma tutafunga wawili. Halafu daktari akasema Chopa ni mtoto. Ni sawa, watoto hawafungi. Lakini ahadi ni ahadi. Kwa hivyo siku zake nilimfungia mimi. Juu ya Wednesday na Friday zangu, nikaweka Tuesday na Thursday zake."

Nilikiweka chini kikombe kitupu. Kila Jumatatu mikono ile ilikuwa mbele ya macho yangu, imeshika kichwa cha mbwa, na mimi nasoma mizani kwa sauti. Kila kilo niliyoishangilia nilikuwa naishangilia mbele yake. Nilijua kwa kiganja njaa ya mbwa, na yake hata kuiona sikuiona.

Niliingia jikoni kwake bila kuulizwa. Niliwasha moto, nikakoroga uji wa wimbi mwepesi, nikautia sukari na maziwa, nikautoa nje ukifuka moshi. Mama Mwende alipokea kikombe kwa adabu tu, akainua macho kutafuta jua. Lilikuwa bado juu.

"Leo ni Thursday," akasema.

"Kunywa," Baba Mwende akamwambia, na neno hilo lilitoka zima, bila kukwama.

Akanywa.